Saa ya Kimya Darajani

9 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku tuko hai, na hiyo si haba. Mama anakusalimu kwa sauti kubwa kutoka kitandani, maana nyonga imevunjika lakini koo liko salama. Daktari amesema atakaa miezi kadhaa bila kukanyaga chini. Nimehamishia cherehani chumbani kwake, karibu na dirisha, ili nishone huku namtazama, na kumbe yeye ndiye anayenitazama mimi. Hajawahi kushika sindano maishani, ila sasa ananisahihisha upindo wa sketi. Shule zimefungua na nimezungukwa na sare: kaptura upande huu, mashati upande ule, na vifungo nimevikanyaga mpaka nyayo zinauma.

Mjomba, nimekupigia simu mara nyingi tangu Mama aanguke. Aghalabu huipokei. Ile siku uliyopokea, nilikuuliza kama unaweza kupata likizo uje umwone dada yako, ukanijibu, "Ndiyo, imenyesha vizuri, miti imefurahi." Nikauliza tena. Ukasema, "Na wewe pia, nisalimie wote," ukakata. Mama alikuwa ananitazama usoni akisubiri jibu. Nikamdanganya kwamba mtandao ni mbaya.

Sikuandikii kukulaumu. Yeye ni dada yako mkubwa, wewe ndiye kitindamimba, na wengine wote wa katikati wametangulia. Anataka kusikia sauti yako tu. Nimeona nijaribu barua kwa sababu barua huwezi kuikata katikati. Nijibu, hata mistari mitatu.

Mpwa wako, fundi


3 Machi

Mpwa wangu, fundi wa mafundi,

Marahaba. Barua yako imenikuta na afya, na magoti yanayolalamika kila penye ngazi, lakini hayo hayajawahi kuwa na shukrani. Mpe dada pole yangu. Mwambie kuvunja nyonga katika umri ule ni ufundi, wenzake huvunja vikombe.

Hiyo simu isikusumbue. Hapa hifadhini simu ni pambo. Ukiwa bondeni hakuna kitu, ukipanda kilimani upepo unaongea kuliko mtu. Tuandikiane tu, barua haina kelele.

Kuja siwezi kwa sasa. Mabasi ya shule yanafika kila asubuhi. Walimu wanashuka wamekwishachoka, watoto wanashuka kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nawapitisha njia yangu ileile. Kwanza magofu ya wahunzi wa zamani, pale penye mabaki ya tanuri. Naokota kipande cheusi, nawaambia, "Hii inaitwa mavi ya chuma." Basi hapo kicheko hakizimiki mpaka mwalimu akemee. Mimi nawaacha wacheke, kwa kuwa mtoto akikicheka kitu hakisahau tena. Kisha nawaeleza kwamba ni takataka iliyobaki chuma kilipoyeyushwa, na kwamba hapa waliishi watu wenye moto na akili zao kabla ya babu wa babu zao. Tunapita chini ya miti mikubwa, ninawapa majina yake, na mwisho tunafika kwenye daraja la mawe.

Darajani ndipo penye kazi yangu hasa. Korongo la chini limefunikwa na vichaka, kijito hakionekani, kinasikika tu. Nawaambia wafumbe macho, na kila sauti wanayoisikia wainue kidole kimoja. Maji, ndege, nyani, upepo. Hiyo naiita saa ya kimya, ingawa haifiki hata robo saa. Walimu wananiambia watoto wao hawajawahi kunyamaza hivyo hata siku ya mtihani. Hakuna mwongozaji mwingine anayefanya hivyo, kwa sababu hakuna mwongozaji mwingine.

Hiyo ndiyo habari yangu. Usimruhusu dada ainuke kabla ya wakati.

Mjomba wako


22 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Mama amecheka hiyo ya vikombe mpaka nikaihofia nyonga. Siku hizi tunamkalisha, mito miwili mgongoni. Kazi zangu zinakwenda, ila shule moja imerudisha mashati yote eti kola zimelala. Nimezifumua na kuzishona upya huku nikisonya, na Mama akinihesabia misonyo.

Nilimsomea barua yako yote. Nilipofika pale simu ilipogeuka pambo, alinishika mkono nisiendelee. Halafu akasema, "Baba yetu naye alianza hivyo hivyo. Alisema redio imeharibika. Tukamnunulia nyingine, nayo ikaharibika." Akaongeza kwamba sikio la kufa halisikii dawa, na papo hapo akajuta, akageukia ukutani.

Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, nawe unijibu waziwazi. Unasikia? Siulizi kwa umbea. Watoto wanapita ukingoni mwa korongo. Mmoja akiteleza nyuma yako akaita, nani atageuka? Mimi huku nawapima mabega kila siku, najua walivyo wadogo ndani ya sare zile.

Tafadhali usinijibu habari za mvua.

Mpwa wako


15 Mei

Mpwa wangu,

Nimekawia. Nilianza mara kadhaa, nikachana. Huku hatujambo sote, yaani mimi na magoti. Nafurahi kusikia dada anakaa.

Nilikasirika, nisikufiche. Nilisema, katoto nilikokabeba mgongoni leo kananihoji kama nasikia! Nikaiweka barua yako chini ya kopo la sukari ili nisiione. Hasira ikaisha, swali likabaki palepale mezani.

Sisikii. Sikio la kushoto liliondoka siku nyingi. La kulia lilianza na ndege. Wale wenye sauti nyembamba walitoweka mmoja baada ya mwingine, nikadhani wamehama msitu. Nilimwendea hata mkuu wa hifadhi nikamwambia ndege wanapungua, naye akaahidi kulifuatilia. Baadaye zikafuata sauti za watoto. Za wanaume wazima nazipata bado, mtu akiwa mbele yangu na akifungua mdomo vizuri. Nimejifunza kusoma midomo. Watoto si wagumu, maswali yao ni yaleyale: kuna nyoka, kuna chui, choo kiko wapi. Darajani natazama vidole. Wakiinua, nataja zile sauti nilizozisikia pale maisha yangu yote. Ukingoni natembea nyuma yao, sio mbele, niione migongo yote. Hajaumia mtoto hata mmoja.

Sasa nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kuomba. Usimwambie mtu. Usipige simu ofisini. Mkuu wetu amejenga nyumba za wageni juu ya kilima, na wageni wake wanataka utulivu. Kila kikao anasema watoto ni kelele, watoto ni maganda ya ndizi njiani. Kinachomzuia asiwafungie ni kwamba mimi nipo na walimu wamenizoea. Nikitoka mimi, ziara za shule zimetoka nami. Watoto wale wanatoka kwenye madarasa ambayo dirisha linatazama ukuta. Nitaacha, nakuahidi, lakini nipate kwanza mtu wa kumwachia njia yangu. Nipe mwaka.

Dada mwambie mtandao bado mbaya.

Mjomba wako


6 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama ameanza kutembea hatua chache akishika kitanda, na njia nzima anakigombeza kitanda kana kwamba ndicho kilichomwangusha. Jirani ametuazima mkongojo. Mama anasema ni wa wazee, hautaki.

Sitasema. Nimeahidi. Juzi alikuja mtoto kupimwa sketi, akasimama nyuma yangu akasema kitu wakati cherehani inanguruma. Sikumsikia. Nilipoondoa mguu nikamwambia arudie, kumbe alikuwa anasema pini inamchoma. Alikuwa ameshasema mara mbili. Nilimpa pole nikamaliza kazi, lakini nimekaa na jambo hilo tangu siku ile.

Nimeulizia hospitali kuhusu vile vifaa vya kuweka masikioni. Muuguzi anasema lazima uje mwenyewe upimwe, na kwamba wengine haviwasaidii kitu. Njoo basi, hata kwa siku mbili. Na kama huwezi, mwombe mwalimu atembee mbele ya watoto, wewe ubaki nyuma, wasiwe kamwe na mtu mmoja asiyesikia. Nisamehe kwa neno hilo, sikupata jingine.

Mama ananitaka nimsomee barua zako. Namsomea sehemu za kuchekesha, nyingine naziruka. Anajua naruka, maana kila nikiruka anakohoa.

Mpwa wako


30 Julai

Mpwa wangu,

Salamu zenu zimenifikia. Mwambie dada autumie mkongojo, uzee hauangalii umeshika nini. Huku kiangazi kimekaza na njia zote ni vumbi. Walimu sasa wanatembea mbele kama ulivyoshauri. Nimekusikiliza, kama neno hilo bado linanifaa.

Kuna jambo limetokea na sina wa kumwambia ila wewe. Wiki iliyopita nilikuwa darajani na darasa la tano. Wamefumba macho. Nikauliza kama kawaida yangu, "Mnasikia maji?" Vidole vikainuka vyote. Mara upepo ukachukua kofia ya mwalimu, ikatumbukia korongoni. Mwalimu mwenyewe alikuja na viatu vya ofisini, kwa hiyo nikashuka mimi, taratibu, nikishika mizizi. Miaka sijashuka kule, kwa ajili ya magoti. Nikaikuta kofia imekaa juu ya jiwe katikati ya kijito. Jiwe lilikuwa kavu. Mchanga ulikuwa mkavu. Hapakuwa na hata tone, na majani yaliyoanguka mle yalivunjika mkononi nilipoyashika. Nikasogea juu kidogo nikaliona bomba jipya, limelala kwenye vichaka, linapanda kilimani kwenye nyumba za wageni.

Nikatazama darajani. Watoto bado walikuwa wamefumba macho, vidole viko hewani, wanasikia maji.

Sijui yalikatika lini. Huenda ni miezi. Sijui ni madarasa mangapi nimewauliza swali lile wakaitikia, kwa kuwa mzee mwenye sare amesema maji yapo, na mtoto aliyelelewa vizuri hambishii mzee. Na mimi nawapongeza! Nawaambia mna masikio mazuri!

Lakini kuna mmoja haniondoki. Mwezi uliopita alikuja msichana mdogo, sweta lake la bluu limemfika magotini. Wenzake wote waliinua vidole, yeye akafumbua macho akatikisa kichwa. Nikausoma mdomo wake: "Sisikii." Nikamwambia asikilize vizuri. Akasema tena hasikii. Wenzake wakaanza kumcheka. Nikamwambia atabaki palepale darajani mpaka asikie, kwani msitu haumfichi kitu mtu makini. Nusu nilikuwa natania, nusu sikuwa natania. Wenzake wakaenda kula, yeye akasimama pale na mwalimu wake, ambaye naye hakusema neno. Mwishowe akainua kidole, machozi yanamtiririka. Nikampigia makofi.

Nimeuliza ofisini ni shule gani ile. Siku zile zilikuja nyingi, na nusu ya shule za upande huu huvaa sweta la bluu. Ningeijua, ningemfuata hadi darasani kwao, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba yeye peke yake ndiye aliyesikia sawasawa. Sasa yuko mahali fulani anaamini masikio yake ni mabovu, na mwenye masikio mabovu ni mimi. Naona aibu mpaka nashindwa kupita pale darajani.

Nifanye nini, mpwa wangu?

Mjomba wako


18 Agosti

Mjomba wangu,

Pole. Nimeiandika pole hii nikaitazama, nikaona ni ndogo, lakini ndiyo niliyo nayo.

Safari hii sikuwa na sehemu ya kuchekesha ya kumsomea Mama, kwa hiyo nilimsomea yote, hii na zile nilizoziruka. Nimevunja ahadi yangu kwa mtu mmoja, unisamehe. Alisikiliza mpaka mwisho bila kukohoa. Akaomba kiti chake kipelekwe mlangoni, akakaa pale anatazama barabara, nami nikakaa naye huku sare zikinisubiri. Chakula hakugusa. Jioni ndipo aliposema, "Mwandikie aende kwa mkubwa wake aseme mwenyewe. Asingoje kusemewa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mtu mkweli hawawezi kumfukuza."

Nami naona hivyo hivyo. Nenda mwenyewe. Mwambie mwongozaji hasikii, na mtoto akiita hakuna wa kugeuka, lakini kichwa kiko timamu na njia yote imo humo. Mwambie akutafutie mtu umfundishe magofu, miti na majina yake, kabla wewe hujastaafu. Na hilo la bomba umwambie. Watoto wataendelea kuja, na atakayewauliza swali atayasikia majibu yao. Nimeligeuza pande zote, sioni ubaya unavyoweza kutoka hapo.

Kuhusu yule msichana sina la kukuambia. Kila sweta la bluu linalopita dirishani kwangu nalitazama, ingawa najua hawezi kuwa huku.

Mama anasema nikuandikie kwamba anakupenda. Amesema niliandike hivyo hivyo, nisilipambe.

Mpwa wako


2 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Hujajibu. Mama sasa anatembea na mkongojo hadi dukani na anarudi na habari za mtaa mzima, ila kila akirudi huuliza kwanza kama mtu wa posta amepita.

Nimepiga simu ofisini kwenu. Usinikasirikie, sikusema chochote, nilikuulizia tu. Aliyepokea akasema mzee hajambo, yuko getini. Nikamwuliza getini anafanya nini. Akasema, anakaa.

Andika, tafadhali. Hata ukiwa na hasira nasi, andika hasira hiyo.

Mpwa wako


21 Oktoba

Mpwa wangu,

Barua zote mbili ninazo. Msiwe na wasiwasi, nakula na nalala. Mpe dada hongera ya kufika dukani, na umwambie sina hasira naye, wala nawe. Nimekaa kimya kwa kuwa kila nikishika kalamu naona nitawaumiza bure.

Nilikwenda kama mlivyosema. Mkuu alinipa kiti, akaniagizia chai. Aliongea taratibu, mdomo wazi, nikashika kila neno. Nilimwambia vilevile ulivyoniandikia, kwa sababu ulikuwa umeyapanga vizuri kuliko mimi. Alinishukuru kwa ukweli wangu. Akasema watu wa aina yangu wamebaki wachache. Nilipofika kwenye bomba alitikisa kichwa kwa masikitiko. Nikatoka pale mwepesi, nikasema, dada yangu ana akili.

Jumatatu yake nikakuta kibao getini. Ziara za wanafunzi zimesitishwa kwa ajili ya usalama wa watoto. Nikamrudia mkuu. Akanikumbusha maneno yangu mwenyewe: mwongozaji hasikii, na mtoto akiita hakuna wa kugeuka. Nikamwambia nilisema hayo ili atafutwe mtu. Akasema atatafutwa. Nikauliza lini, akaangalia kando alipokuwa akijibu, kwa hiyo jibu sikulipata. Bomba liko palepale.

Walimu wawili waliniandikia kunipa pole kwa ugonjwa. Wanaamini mimi ndiye niliyeomba. Ningewajibu nini? Ni kweli niliomba.

Sikufukuzwa, hilo dada alilipatia. Nimepewa sare mpya na kiti. Nawafungulia wageni wa kilimani, na shule zikija nazirudisha, kwa sababu si zote zilizopata taarifa. Mkuu anasema mimi ndiye ninayefaa, walimu wananiheshimu, hawatabishana nami.

Jana limekuja basi jingine. Mwalimu alikisoma kibao, akanijia, akaongea sana huku akionyesha barabara. Nadhani wametoka mbali. Nikamwonyesha kibao tena. Watoto nao walikuwa wameshashuka, wakajipanga kwenye nondo za geti, wakaiona sare yangu wakajua mimi ndiye wa kuulizwa. Wakaanza kuniuliza, wote kwa pamoja, midomo mingi midogo, nami nikihamisha macho kutoka huyu hadi yule nisipate hata mmoja. Kisha midomo ikatulia, wakabaki wananitazama, wanangoja.

Nikawaambia hapana. Sijui waliniuliza nini.

Mjomba wako